Askari wa Ng'ambo ya Ziwa

Ukisikia neno "askari", unaona nini akilini mwako? Huenda unaona bunduki. Huenda unaona gwaride la sikukuu ya Uhuru, watu wamenyooka mstari mmoja na mikono yao inakwenda pamoja. Mimi nikisikia neno hilo namwona mwanamke mmoja niliyekaa naye dawati moja kwa miaka saba. Jina lake sitalitaja. Yeye ni sajini katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na sasa yuko kazini nje ya nchi. Askari aliye kazini hatangazwi. Basi hapa nitamwita Mwenzangu.

Nataka nikueleze kwa nini namheshimu. Si kwa ajili ya bunduki, wala si kwa ajili ya fedha. Namheshimu kwa sababu anawalinda watu ambao si ndugu zake, na hawaachi hata siku wanapomkasirikia. Soma polepole, kisha upime mwenyewe.

MWAKA WA MABOTI

Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Tunalima mihogo, tunatunza michikichi, na tunavua dagaa na migebuka. Ziwa letu ni refu sana, karibu kilomita 670, lakini ni jembamba. Upana wake kwa wastani ni kilomita 50 hivi. Siku ya anga safi, baada ya mvua, tunaiona milima ya Kongo upande wa pili. Kwetu sisi Kongo si nchi ya mbali. Ni ng'ambo tu.

Mwaka 1996 vita vilianza mashariki ya nchi hiyo. Wakati ule iliitwa Zaire. Mimi na Mwenzangu tulikuwa Darasa la Nne. Asubuhi moja tulikuwa kwenye mchakamchaka, na Mwenzangu ndiye aliyeanzisha nyimbo, kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya wavulana. Tulipofika karibu na ufuko tuliona maboti. Hayakuwa na dagaa. Yalikuwa na watu. Kina mama walishuka na watoto mgongoni, na vyungu, na magodoro. Mzee mmoja alishuka na mlango wa nyumba yake kichwani. Mpaka leo sijui alitaka kuufunga wapi.

Mama yake Mwenzangu hakuuliza hao ni kina nani. Alikoka moto pale pale ufukweni, akapika uji wa muhogo katika sufuria kubwa ya harusi. Mwenzangu alivua sweta yake ya shule akamvika mtoto mmoja aliyekuwa anatetemeka. Sweta wakati ule ilikuwa mali. Nilidhani mama yake atamchapa. Mama alisema, "Sweta itapatikana nyingine," akaendelea kukoroga uji.

Mwaka ule ule serikali ilifungua kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya wakimbizi hao kutoka Kongo. Wengi wao walipelekwa huko. Darasani, Mwenzangu alinyoosha mkono akamwuliza mwalimu, "Nani anawafukuza? Na kwa nini hakuna mtu wa kumzuia?" Mwalimu alinyamaza kidogo, halafu akatuambia tufungue vitabu vya hesabu.

Swali lile halikujibiwa. Mimi nililisahau. Yeye hakulisahau.

KUTOKA DAWATINI MPAKA JESHINI

Tulimaliza Darasa la Saba mwaka 1999. Mwenzangu alichaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilirudi ufukweni kuanika dagaa, na ndiyo kazi iliyowasomesha watoto wangu. Alipomaliza Kidato cha Nne alijitolea kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Huko alijifunza kwata, kulima, kulenga shabaha, na kuamka saa kumi usiku bila kuamshwa. Baadaye alichaguliwa kuingia JWTZ.

Watu kijijini walisema maneno. Walisema mwanamke hawezi kubeba bunduki na mtoto kwa wakati mmoja. Mwenzangu ana watoto wawili. Alipokuwa likizo alinijibu hivi: "Shoga yangu, sisi tumebeba kuni, maji na mtoto kwa wakati mmoja tangu zamani. Hakuna aliyesema haiwezekani."

KAZI YA KULINDA AMANI

Sasa tueleze kazi yenyewe. Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Nchi zikivurugika, Umoja wa Mataifa huziomba nchi wanachama zitoe askari. Askari hao huvaa sare za nchi zao, lakini kofia zao huwa na rangi ya buluu, ili kila mtu ajue kwamba hawakuja kuteka nchi. Huitwa walinda amani. Kila mwaka tarehe 29 Mei ni siku yao ya kukumbukwa duniani kote.

Jeshi la Umoja wa Mataifa lililoko Kongo huitwa MONUSCO. Mwezi Novemba mwaka 2012 waasi wa kundi la M23 waliuteka mji wa Goma, ingawa walinda amani walikuwapo. Dunia ilishtuka. Tarehe 28 Machi mwaka 2013 Baraza la Usalama liliamua kuunda brigedi maalumu yenye ruhusa ya kuwafuata waasi na kupigana nao, si kungoja tu kushambuliwa. Askari wake walitoka nchi tatu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo M23 walishindwa, wakatangaza kwamba wameacha vita.

Lakini, ndugu msomaji, amani si kama nyumba, kwamba ukishaezeka umemaliza. Yalikuwapo makundi mengine mengi. Kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda, lipo kundi linaloitwa ADF. Kundi hilo lilianzia Uganda katika miaka ya 1990, na limeua raia wengi sana katika eneo la Beni, mara nyingi kwa mapanga, mara nyingi usiku. Hata M23 walirudi vitani, na mwezi Januari mwaka 2025 wakauteka tena mji wa Goma.

Mwenzangu alikwenda Kongo mara ya kwanza mwaka 2015, akarudi salama mwaka uliofuata. Aliniletea kitenge kimoja na habari nyingi. Alicheka aliponieleza Kiswahili cha huko. Watu husema "batu", na watoto husema "batoto". Alisema siku za kwanza wananchi wa Beni walishangaa kusikia askari wa kigeni anawasalimia kwa lugha wanayoijua. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Alisema, "Askari asiyejua lugha humwona kila mtu adui. Ukisikia mama anamwita mtoto aje kula, huwezi tena kumwogopa."

TAREHE 7 DESEMBA 2017

Kuna tarehe moja ambayo familia nyingi za askari wa Tanzania haziwezi kuisahau. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani iliyoko Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa. Mapigano yaliendelea kwa saa nyingi. Walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa, na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja huo. Kila dalili ilionyesha kwamba waliofanya hivyo ni ADF.

Sisi tulisikia habari hiyo redioni. Mwenzangu wakati huo alikuwa nyumbani Tanzania, kikosini kwake. Mama yake alijua hivyo. Hata hivyo alikaa chini akashika kichwa, kwa sababu alijua kwamba waliokufa nao walikuwa na mama zao.

Mwenzangu aliwafahamu baadhi yao. Alikuwa amekula nao, na mmoja alimfundisha kuendesha gari la deraya. Kwa miezi mingi alipopiga simu alizungumza juu ya mambo ya watoto na mvua tu. Hakutaja Kongo.

SWALI LA MAMA

Miaka ilipita. Siku moja Mwenzangu alikuja likizo, akamwambia mama yake kwamba kikosi chake kimeteuliwa kwenda Beni, na kwamba yeye amekubali. Nilikuwapo. Tulikuwa tunachambua dagaa uani.

Mama alisema, "Mwanangu, wale kumi na tano hawakutosha?"

Mwenzangu hakujibu upesi. Alisema, "Mama, ni kwa sababu ya wale kumi na tano."

Mama akasema, "Ile ni vita ya watu wengine. Haitakwisha. Kila mwaka nasikia inaanza upya."

Ndipo Mwenzangu akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo. Alisema, "Mama, mwaka ule wa maboti, wewe uliuliza kama watakwisha kabla ya kupika uji?"

Mama hakusema neno. Aliendelea kuchambua dagaa. Usiku alimfungia mwanawe unga wa muhogo na chupa ya mafuta ya mawese, kana kwamba jeshini hakuna chakula. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Watu wengine husema walinda amani wanafuata posho. Posho ipo, nami sikatai. Mwenzangu amemjengea mama nyumba ya bati. Lakini pima mwenyewe, ndugu msomaji. Nani angetoa roho yake kwa mabati thelathini? Fedha humfanya mtu aende kazini. Haimfanyi abaki mahali pake risasi zinapopigwa.

SALAMU ISIYOJIBIWA

Utadhani wananchi wa Beni wanawashangilia walinda amani kila siku. Sivyo. Mwezi Novemba mwaka 2019 wananchi wenye hasira walivamia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini Beni, wakachoma sehemu yake. Walisema, "Ninyi mko hapa, na sisi tunauawa. Mnafanya nini?" Mwezi Julai mwaka 2022 maandamano kama hayo yalitokea tena katika miji kadhaa, na watu walikufa, wakiwamo walinda amani. Wananchi hao si watu wabaya. Aliyefiwa na watoto wake usiku humlilia yule aliye karibu. Tena, ukweli lazima usemwe: wako walinda amani wa mataifa mbalimbali waliowadhulumu wanawake na wasichana waliotumwa kuwalinda. Mwenzangu huwaita wezi wa jina. Anasema mmoja wao hubomoa kazi ya mia.

Aliniambia habari ya mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi njiani. Kila doria ilipopita, Mwenzangu alimsalimu, "Jambo, mama." Mama yule aligeuza uso. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu vile vile. Askari wenzake walimwambia aache. Yeye hakuacha.

Baada ya wiki kadhaa mama yule alimtazama, akasema, "Mulikuwa wapi siku ile?"

Mwenzangu hakujua ni siku ipi. Katika eneo lile zimekuwapo siku nyingi za namna hiyo. Hakusema kwamba yeye alikuwa bado Tanzania. Hakusema kwamba hata kwao watu wamekufa. Alivua miwani yake ya jua, akasema, "Pole, mama." Kisha akanyamaza, akasimama naye.

Baadaye mama yule akaeleza kwamba wanawake wa kijiji chake hawaendi tena mashambani, kwa sababu wenzao wamekamatwa huko. Mihogo inaozea ardhini na watoto wana njaa. Mwenzangu alipeleka habari hiyo kwa wakubwa wake. Wakapanga doria ipite njia ya mashamba asubuhi wanawake wanapokwenda, na ipite tena mchana wanaporudi.

Nilimwuliza, "Mama yule alikushukuru?"

Akasema, "Hapana. Aliniuliza, 'Kesho saa ngapi?' Mimi nikaona hiyo inatosha."

Ndugu msomaji, hapo ndipo heshima yangu kwake ilipozidi. Kupiga risasi kunafundishwa kwa miezi michache. Kulaumiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, na usikasirike, na kesho yake uamke tena ukamlinde yule aliyekulaumu, hilo halifundishwi kwenye kwata. Mtu huja nalo kutoka kwao. Mimi nadhani yeye alilipata pale penye sufuria ya uji.

ASKARI WA MALAWI

Kuna habari nyingine ambayo Mwenzangu hupenda kuwasimulia vijana. Mwezi Novemba mwaka 2018 walinda amani walikuwa katika mapigano na ADF karibu na Beni. Askari mmoja Mtanzania alijeruhiwa vibaya, hakuweza kutembea. Alibaki nyuma, damu inamtoka, na adui yuko karibu. Askari wa kawaida kutoka Malawi, jina lake Chancy Chitete, alirudi kumchukua. Alimburuta mpaka mahali palipo na usalama kidogo, akaanza kumtibu. Hapo Chitete akapigwa risasi. Yule Mtanzania alipona. Chitete alikufa. Katika mapigano yale walikufa askari saba wa Malawi na mmoja wa Tanzania.

Mwezi Mei mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulitoa kwa familia ya Chitete nishani ya ushujaa wa pekee. Nishani hiyo ina jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye mwaka 1994 aliokoa watu wengi katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, mpaka naye akauawa mjini Kigali.

Angalia jambo hili. Mmalawi alikufa kwa ajili ya Mtanzania, na wote wawili walikuwa katika nchi ya Wakongo. Hapakuwa na undugu wa damu hapo. Wahenga wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

UJUMBE WA SIMU

Sasa Mwenzangu yuko huko. Simu haipatikani kila siku. Mara nyingi hutuma ujumbe mfupi: "Mama, shikamoo. Mimi mzima. Nimekula. Wasalimie watoto." Mwanzoni mama alikuja kwangu na simu yake mkononi ili nimsomee. Alikuwa hajui kusoma. Baada ya miezi miwili alianza kuja darasa la elimu ya watu wazima, Jumanne na Alhamisi, chini ya mwembe wa shule. Nilimwuliza kwa nini, kwani mimi nipo. Alisema, "Wewe ukisoma, naona kama unaruka mengine."

Sikuwa naruka hata neno moja. Lakini nilimwelewa. Mama mwenye hofu anataka kuyaona maneno kwa macho yake mwenyewe, ajue hakuna lililofichwa.

Alianza na a, e, i, o, u. Mkono wake umezoea jembe, kwa hiyo kalamu ilimsumbua. Darasa zima lilimngoja. Mwezi uliopita alisoma ujumbe wote mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole juu ya kioo cha simu. Halafu akaandika jibu lake la kwanza. Alitumia karibu nusu saa. Aliandika: "Marahaba mwanangu nimekusoma."

Mwenzangu alinipigia simu usiku ule. Alisema alilisoma jibu hilo akiwa zamu ya lindo, akacheka peke yake gizani. Akaniambia nimwambie mama kwamba yuko tayari kwa kazi ya redio ya jeshi, kwa maana huko nako, mwenzako akikuita na sauti yake ikifika vizuri, humjibu hivyo hivyo: nakusoma.

Ndugu msomaji, si kila mmoja wetu ataitwa kuvaa kofia ya buluu. Lakini kila kijiji kina mtu aliyeko mbali kwa kazi ngumu: askari, muuguzi, baharia, mchimba madini. Na kila kijiji kina mgeni aliyekimbia kwao. Kama unaye mtu wa kwanza, mwandikie, hata maneno matatu. Kama unaye mtu wa pili, usimwulize atakwisha lini. Koka moto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Mwenzangu alikubali kwenda Beni mara ya pili?

2. Mama muuza ndizi alikuwa na haki ya kukasirika? Toeni sababu zenu.

3. Je, katika kijiji chenu wako watu waliokuja kwa sababu ya vita? Mliwapokeaje?

4. Andika ujumbe mfupi kwa mtu wako aliye mbali. Usizidi maneno kumi.